Mdanzi kwa Jina la Mchungwa

Mtaani walimwita Mama Miche, na hata yeye alikuwa ameshaanza kusahau kuwa aliwahi kuitwa vingine. Nyuma ya nyumba yake, pale ambapo majirani wana kamba za kuanikia nguo, yeye alikuwa na kitalu: viriba, mifuko myeusi ya plastiki iliyojaa udongo, vimepangwa safu kwa safu chini ya wavu wa kivuli, na katika kila kiriba umesimama mche wa mchungwa, mlimau, mndimu au mchenza. Mumewe ndiye aliyekianzisha. Siku alipoanguka kazini na kutoinuka tena, alimwachia mkewe kitalu hicho, pampu ya maji yenye kikohozi kisichopona, na mdogo wake wa kiume ambaye ndiye aliyekuwa fundi.

Mdogo mtu huyo, yaani shemeji yake Mama Miche, alikuwa mtu wa maneno machache na kisu kidogo. Kazi yake ilikuwa kubebesha. Mbegu ya mdanzi, yule ndugu wa mchungwa mwenye matunda machungu ya kukunja uso, hupandwa kwanza kwa sababu mizizi yake ni migumu na haiogopi maradhi. Mche ukinenepa kufikia penseli, fundi huchana gamba lake, akachomeka jicho, yaani chipukizi changa la mchungwa mtamu, akalifunga kwa utepe wa nailoni. Jicho likishika, kichwa cha mdanzi hukatwa na mchungwa ukatawala. Lisiposhika, mdanzi huchipua wenyewe chini ya kidonda, ukakua vizuri, ukaringa, na ukiutazama hivi hivi utaapa ni mchungwa.

Kwa macho ni pacha, hasa wakiwa wadogo. Kinachowatenganisha ni harufu. Jani la jamii hii limejaa vifuko vidogo vya mafuta; ukiliinua kwenye jua utaviona, kama kwamba jani limetobolewa kwa sindano. Ukilikunja likavunjika, mafuta yale hayana subira: yanaruka hewani na kukupiga puani. Na kila mti una mchanganyiko wake. Wa mchungwa ni mbichi na mkali kidogo. Wa mdanzi ni mlaini, una maua ndani yake, kama sabuni nzuri iliyotoka kufunguliwa. Basi kabla mche haujatoka kitaluni, Shemeji alikuwa akikata kipande cha jani, anakifikicha, ananusa, anaweka upande huu au upande ule. Marehemu kaka yake alikuwa akisema, "Pua ya mdogo wangu haijawahi kula rushwa."

Mama Miche naye alikuwa na kipaji chake, nacho kilikuwa kushuku. Maziwa aliyanusa mbele ya muuzaji. Mgeni akisifia nyumba, alijiuliza anataka kuazima nini. Mumewe alizoea kuwachekesha watu kwa kusema kwamba mkewe ukimwambia habari za asubuhi, anachungulia dirishani kwanza aone kama kweli ni asubuhi. Lakini tangu awe mjane, tabia hiyo haikumchekesha mtu tena. Ilikuwa ndiyo ukuta wa nyumba yake.

Mambo yalianza siku Mkunga alipobisha hodi. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule akiwemo Mama Miche mwenyewe. Mwaka uliopita alikuwa amenunua michungwa ya kuzungushia uwanja wake. Sasa alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye tawi.

"Karibu, mama, pita ndani," Mama Miche alisema.

"Nitakaa hapa hapa barazani, mwanangu. Sikuja kwa ugomvi." Akalitoa tawi mfukoni. "Bwana shamba alipita kwangu jana kuangalia kuku. Akasimama kwenye miti, akakunja jani moja, akanusa. Akaniuliza, 'Mama, nani kakuuzia midanzi?' Nikamwambia ni michungwa. Akacheka. Akaenda mti hadi mti, akinusa na kutikisa kichwa. Mwanangu, uwanja wangu wote ni uchungu mtupu."

Mama Miche alilivunja jani. Hakuhitaji kulisogeza karibu. Ile harufu ya maua ilimpanda hadi machoni.

"Pengine bwana shamba kakosea," alisema, lakini ulimi wenyewe ulikuwa mzito.

"Pengine," alijibu Mkunga kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi.

Alipoondoka, Mama Miche alibaki amekaa na tawi mapajani. Mche mmoja kupotea ni bahati mbaya. Miwili, uzembe. Lakini uwanja mzima? Shemeji, ambaye pua yake haijawahi kula rushwa? Jibu lilikuja lenyewe na halikubisha hodi: miche mizuri inakwenda kwingine. Mimi naachiwa makapi niuze kwa jina la marehemu mume wangu.

Mtu wa kushuku hasemi, anatazama.

Na alipoanza kutazama, loo, vya kuona vilikuwepo. Kwanza, Shemeji siku hizi alifika kitaluni mapema kuliko kawaida, kabla hata jua halijapanda ukuta. Mama Miche akichungulia kupitia pazia la jikoni, alimwona amempa mgongo, ameinama kwenye kona ya milimau. Akiondoka pale, ardhi ilikuwa na majani yaliyochanwachanwa, ya mlimau, ya mndimu, ya mdanzi, yamesagwa kama tumbaku. Hewa yote ilikuwa imejaa harufu ya miti iliyoumizwa. Kwa nini mtu achane majani ya miche ya kuuza? Na kwa nini ajifiche?

Pili, alikuwa ameacha kunusa mbele ya watu. Zamani alikuwa akipanga miche huku Mama Miche akimpigia soga. Sasa akiona Mama Miche anakuja, anageuka, au anaanza kufunga utepe, au anakumbuka kwamba pampu inahitaji kutazamwa.

Tatu, chakula. Siku moja Mama Miche alisahau maharage jikoni yakaungua hadi moshi ukatoka mlangoni. Kwa kukosa la kufanya alimpakulia hayo hayo, akijiandaa kwa malalamiko. Shemeji alikula sahani nzima, akashukuru, akanawa mikono. Mama Miche alimtazama akitafuna. Mwenye hatia, alijiambia, hula chochote anachopewa.

Kisha ikaja ya nne, iliyomaliza ubishi. Muuza mkaa, ambaye hupita mitaa yote na hakuna asichokiona, alimwambia hivi hivi tu, bila kuulizwa: "Shemeji yako naona siku hizi ni rafiki mkubwa wa Mzee wa Bondeni."

Mzee wa Bondeni ndiye mwenye kitalu cha pili, kule chini karibu na mfereji, mpinzani wa marehemu mumewe tangu enzi. Mwanamume mwenye meno ya kahawia na kicheko kirefu. Mama Miche hakuwahi kumsalimia zaidi ya kutikisa kichwa.

"Wanaongea nini?" aliuliza, akijifanya anachagua mkaa.

"Nitajuaje? Wanaingia nyuma ya kibanda. Juzi niliwaona wameshika majani, wanapeana kama watu wanaovuta ugoro."

Basi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Miche aliona picha yote: vikonyo vya mchungwa mtamu, vile vijiti vyenye macho ambavyo ndivyo roho ya kitalu, vinatoka kwake kwenda Bondeni chini ya shati la shemeji yake, na kwake inabaki midanzi. Alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula, akaanza kufunga kwa kufuli geti ambalo lilikuwa halijawahi kufungwa tangu lijengwe.

Kumfukuza tu hangeweza. Shemeji alikuwa damu ya mumewe, na familia ingeuliza. Kwa hiyo alimwita wifi yake, dada mkubwa wa marehemu na wa huyo fundi, mshonaji wa sare za shule aliyeishi mitaa ya juu na ambaye neno lake lilikuwa mhuri katika ukoo. Wifi alifika na kitambaa chake cha kudarizi, akaketi kwenye kigoda chini ya wavu, akasikiliza yote bila kuinua macho kwenye sindano.

"Wifi," alisema mwishowe, "hayo ni maneno mazito. Ndugu yangu ni bubu, lakini si mwizi."

"Sikuombi uniamini. Nakuomba ukae hapa uone kwa macho yako."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angeponda majani ya mdanzi, akayafunga kwenye kitambaa ili umbo lisionekane, akampa Shemeji anuse. Mtu mwenye pua ile angejua papo hapo. Akisema ni mdanzi, vyema, aeleze basi ilikuwaje asijue miti ya Mkunga. Akisema ni mchungwa, amedanganya mchana kweupe mbele ya dada yake, na hapo hakuna mjadala.

Aliyaponda jikoni kwa mchi, haraka haraka maana alikuwa anamsikia Shemeji akikokota ndoo nje. Alinyakua kitambaa cha kwanza kilichoning'inia kwenye msumari, akafungia, akatoka.

"Shemeji, hebu," alisema kwa sauti aliyoizoeza iwe ya kawaida. "Kuna mteja kaniletea majani anataka kujua ni ya mti gani. Mimi leo nina mafua."

Aliponyoosha mkono ndipo harufu ilipomfikia, na ilikuwa harufu nyingine kabisa. Kitambaa kile kilikuwa cha kufutia jiko la mafuta ya taa. Kilikuwa kimelowa. Mafuta ya taa yalinuka hadi machozi yakamlenga. Wifi, aliyekaa mbali kidogo, alikuwa tayari amejifunika pua kwa darizi yake. Mama Miche alitaka kurudisha mkono, lakini Shemeji alikuwa ameshakichukua.

Alikileta puani. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, polepole, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akatulia kama mtu anayesikiliza. Akavuta tena.

"Mchungwa," alisema. "Mchungwa safi kabisa."

Pampu ilikohoa, ikanyamaza.

"Mdogo wangu," wifi aliita, sauti yake imepungua. "Hicho kitambaa kinanuka mafuta ya taa. Ukiwasha kiberiti hapo tunaungua sote."

Shemeji alikitazama kitambaa mkononi. Akakinusa mara ya tatu, kwa haraka safari hii, kama mtu anayepapasa mfuko ambao anajua umetoboka. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Mama Miche akaona kitu ambacho hakukiona hata kwenye maziko ya kaka yake: midomo ya shemeji yake ikitetemeka.

"Tangu lini?" aliuliza wifi.

"Tangu ile homa."

Waliikumbuka homa. Ilimlaza kitandani muda mrefu, mwaka juzi, akaamka amekonda, na wote wakashukuru kwamba amepona. Kumbe homa ilipoondoka haikuondoka mikono mitupu.

"Nilidhani itarudi," alisema huku anatazama chini. "Kila siku nilisema kesho. Mwanzoni nilikuwa nakisia kwa macho, natazama kile kibawa kidogo kwenye kikonyo cha jani, cha mdanzi ni kipana zaidi. Lakini kwenye jani changa kinadanganya. Nikawa nabahatisha. Halafu nikasikia Mzee wa Bondeni naye homa ilimchukulia pua, ikamrudia. Nikaenda kumwomba anifundishe. Akaniambia kila asubuhi ninuse vitu vikali, kimoja kimoja, nijaribu kukumbuka vilikuwaje. Limau, ndimu, danzi. Ndiyo nilikuwa nafanya pale konani."

"Na hukuniambia!" Mama Miche alipaza sauti, na alishangaa kuona kwamba hasira yake haikupungua, ilikuwa imebadilisha tu mahali pa kukaa. "Unaniacha nauzia watu midanzi! Mkunga! Mkunga aliyenizalisha!"

"Ningekuambia nini, shemeji? Kwamba fundi uliyeachiwa na mumeo ni kipofu wa pua? Ungeniweka wapi? Mimi sijui kazi nyingine."

"Ningekuweka hapo hapo ulipo!"

"Sasa unasema."

Wifi alikunja darizi yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia ndugu yake. Kisha akamgeukia Mama Miche, na macho yake hayakuwa na huruma zaidi. "Na wewe, wifi yangu, uliniita nije kushuhudia mwizi. Nimeshuhudia mgonjwa. Mtu anakula maharage yaliyoungua kwenye sahani yako anakushukuru, na wewe unachoona ni wizi?"

Mama Miche alimpokea Shemeji kile kitambaa, akakitupa mbali na miche.

Hata hivyo, tusimfanye Mama Miche kuwa mtu mwingine. Siku iliyofuata, huku ameshaomba radhi nusu na kupokea nusu ya msamaha, alijikuta anateremka kwenda Bondeni. Maneno ya Shemeji yalikuwa yamemwingia, lakini Mama Miche hakuwahi kununua kitu kwa kusimuliwa. Alipita kati ya viriba vya mpinzani wake akikodolea macho kila mche, akitafuta michungwa yake kama mama anayetafuta watoto waliopotea. Alivunja jani hapa, akanusa; akavunja pale. Hakuona chake.

Mzee wa Bondeni alimwacha amalize, kisha akacheka kile kicheko kirefu.

"Umeridhika, shemeji? Au nikufungulie na choo uangalie?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Umekuja kukagua." Akafuta mikono kwenye suruali. "Haya, nikwambie. Mimi nilikaa mwezi mzima sisikii hata harufu ya mbuzi. Nililia, wallahi, nilikaa ndani ya kibanda hiki nikalia. Mumeo angekuwepo angenicheka. Ndugu yake alipokuja sikuweza kumcheka."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ungenifungulia geti?"

Mama Miche alipanda mlima kurudi nyumbani polepole, akipumzika kwenye kila mti.

Kwa Mkunga walikwenda pamoja, yeye na Shemeji, na Mama Miche ndiye aliyesema, kwa kuwa fundi angekaa kimya hadi jioni. Alisema yote: homa, pua, kubahatisha, na hata kwamba alimdhania wizi. Mkunga aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Mama Miche alipomaliza, Mkunga hakumtazama yeye. Alimwendea Shemeji, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamchungulia matundu ya pua.

"Unasikia ladha?"

"Chumvi na sukari tu. Vingine kama karatasi."

"Ulikwenda hospitali?"

"Hapana."

"Mwanamume ni mwanamume," Mkunga alisema, akamwachia kidevu. "Kesho asubuhi nakuja kukuchukua mwenyewe. Sasa niambieni, miti yangu ing'olewe?"

Hapo Shemeji alipata sauti. Alizunguka uwanja akishika shina moja baada ya jingine, akiminya magamba kwa kidole gumba, na Mama Miche aliona mabega yake yakirudi mahali pake. "Ising'olewe," alisema. "Mizizi hii ni mizuri kuliko ya mti wowote utakaonunua. Nitaikata vichwa na kuibebesha hapa hapa ilipo. Utachelewa kidogo kula machungwa, lakini miti itakuwa na nguvu."

Wakafanya hivyo mvua zilipoanza. Vikonyo vya mchungwa vilitoka kwenye mti mmoja mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba ya Mama Miche, na yeye mwenyewe alivunja jani la kila kimoja, akalinusa, akakipitisha. Alikuwa mwepesi wa kukataa. "Hiki rudisha." "Shemeji, kimetoka kwenye mti huo huo." "Rudisha, nimesema." Shemeji aliguna, akarudisha, akachukua kingine. Kisu chake kilikuwa kile kile, hakikutetemeka hata mara moja. Majani yaliyokatwa yalikuwa yamelala kila mahali, na majirani waliopita njiani waliuliza kwani Mkunga anafua nini leo kinachonukia hivyo.

Mti mmoja, ule wa karibu na dirisha la chumba chake cha kulala, Mkunga alikataa usiguswe.

"Lakini huo matunda yake hayaliki, mama," Shemeji alimwambia.

"Nani kakwambia nataka kula? Nataka upepo ukipita uniingilie ndani. Achaneni nao."

Hospitali walimwambia Shemeji kwamba pua huenda ikarudi na huenda isirudi, na aendelee na yale majani. Ikarudi kipande kipande na kwa fujo. Kahawa ilimnukia moshi wa matairi kwa muda mrefu. Kitunguu hakikumnukia kitu. Mdanzi aliuhisi siku moja akiwa anamwagilia, kwa mbali, kama sauti ya redio ya nyumba ya tatu, akasimama na kopo mkononi maji yakimwagika miguuni. Mchungwa haukumrudia. Kwa hiyo kazi ikabaki imegawanyika: yeye mikono, shemeji yake pua.

Na Mama Miche hakugeuka kuwa mtu wa kuamini ovyo. Maziwa bado aliyanusa. Geti, ni kweli, aliliondolea kufuli, na Mzee wa Bondeni alianza kupita mara moja moja kuazima utepe wa nailoni, akirudisha pungufu. Siku moja Mama Miche alimwona Shemeji amesimama tena kwenye kona ya milimau, amempa mgongo, na ile shaka ya zamani ikamkuna moyoni. Akaweka chini sufuria, akatoka nje.

"Unafanya nini hapo?"

"Nanusa."

"Unasikia nini?"

Alifikiri. "Sijui. Kitu."

Akasogea akasimama karibu naye, akachukua jani lile lile kutoka vidoleni mwake, akalinusa.

"Limau," alisema. "Endelea."